Pasipoti Nne Mkononi mwa Mpiga Ngoma

Nyumbani kwa Umm Turki,
Mtaa wa Al-Rawdah,
Jeddah.
Ijumaa, 21 Novemba 2025.

Mpendwa mwanangu Morgan,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako. U mzima? Kile kifua kimepona, au bado unapiga yale makelele na kikohozi juu yake? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo halipatani na ngazi za nyumba hii. Joto la Jeddah limepungua kidogo, lakini unyevu wa hewa haujapungua, na nguo nikianika asubuhi, mchana bado zinanibishia. Tulihama kutoka Riyadh wiki nne zilizopita kwa sababu mama yake madam ninayemfanyia kazi anaugua, na bibi huyo hataki kulishwa na mkono mwingine ila wangu. Namshukuru Mungu. Natumaini huko Novi Sad, Serbia, baridi bado haijaanza kuwauma.

Utashangaa kupata barua ya karatasi katika mwaka huu. Nimeandika kwa mkono makusudi, kwa sababu simu yako siiamini. Sijui ni nani anayeishika ukiwa umesinzia kwenye hilo gari lenu, na nimeambiwa siku hizi simu inatafsiri hata Kiswahili. Mwandiko wangu huu ulimshinda mwalimu wa darasa la sita, sembuse mashine ya Waserbia.

Najua bado umenikasirikia kwa ile video. Una haki. Lakini pia unajua kwamba baba yako Ephraim na mama yako Lorine wameniachia mimi neno la mwisho kuhusu hiyo ziara yenu ya wiki tano, eti kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza katika ukoo kuvuka mpaka. Nikisema uende, utaenda. Nikisema hapana, utabaki darasani ukisoma uhandisi wa maji kama ulivyopelekwa. Kwa hiyo usirukie mwisho wa barua. Soma kwanza jinsi mimi nilivyoyaona mambo tangu mwanzo, ndipo ukasirike ukiwa na habari kamili.

Tuanze na namna ulivyoingia katika hiyo bendi. Uliniambia mwenyewe: ulikuwa jikoni mwa hosteli, mtu akachukua sufuria yako ikiwa na ugali nusu, nawe ukapiga ukelele mmoja uliowatoa watu wa ghorofa ya tatu milangoni. Kijana mwembamba anayeitwa Vuk akaja. Hakuja kukuomba unyamaze, alikuja kukuuliza kama unaweza kupiga hivyo kwa dakika kumi na tano mfululizo. Halafu ukaniambia, huku unacheka, kwamba kwa lugha yao jina Vuk ni mbwa mwitu. Mimi sikucheka.

Unakumbuka kwaya ya kanisa letu Kaimosi? Mtu alijaribiwa sauti na kamati nzima, na wewe ulirudishwa mara mbili kwa sababu ulikuwa unawafunika wenzako. Huyo Vuk hakukurudisha hata mara moja. Kazi inayopatikana kwa urahisi namna hiyo mimi huikagua juu na chini, maana wakala aliyenileta huku naye hakuniuliza maswali. Alinitazama mikono tu, akasema niko sawa.

Kisha mkaanza mazoezi. Ognjen, yule mpiga ngoma mwenye kipara, akawapa nafasi chini ya nyumba ya babu yake. Chumba hakina dirisha, ukuta mmoja unatoka maji mwaka mzima, na mmetundika magodoro ya zamani pande zote ili majirani wasisikie. Morgan, hebu rudia kuisoma sentensi hiyo polepole, kama mtu asiyekujua. Halafu bendi mkaipa jina la huo ukuta, Mokar Zid, Ukuta Uliolowa. Kwaya za kwetu huitwa Sauti ya Faraja au Nuru ya Vihiga, hata kama haziimbi vizuri. Nyinyi mmejiita jina la nyumba inayotaka kubomolewa.

Onyesho lenu la kwanza, ulinitumia picha. Watu kumi na mmoja kwenye klabu ya vijana, na mmoja wao mama yake Vuk, amebeba sinia la mikate ya nyama. Nyimbo kumi na nne, dakika kumi na saba, halas, imekwisha, watu warudi makwao. Nikajiuliza ni nani atakayevaa koti na viatu vya baridi aache nyumba yake kwa dakika kumi na saba, kama hakuna jambo lingine linaloendelea hapo. Katika picha nyingine vijana wanagongana vifua mbele yako, mmoja yuko hewani miguu juu. Ulinieleza kwamba mtu akianguka wote wanasimama wamwinue. Mbona basi walimwangusha?

Jambo la alama ndilo lililoninyima raha zaidi. Mmechora X kwa wino mweusi nyuma ya mkono, wewe na Ognjen. Ukasema maana yake ni kwamba hamnywi pombe wala hamvuti sigara, na mama yako akafurahi sana, akatangaza hadi kanisani. Mimi nilimwonyesha Duncan, dereva wetu wa Riyadh, naye ni mtu wa Kitale aliyetembea.

"Sister Rael," akaniambia, "hiyo ni freemason, hakuna kitu ingine. Vijana wazungu wakatae pombe bure bure? Zii."

Sikumwambia mama yako maneno hayo. Niliyaweka moyoni.

Mwaka jana mwezi wa sita mkatoa kaseti. Kaseti, Morgan, wakati hata bibi yako anasikiliza mahubiri kwa simu! Ulinitumia moja kwa posta, ikafika katika ofisi ya bosi, mume wa madam, naye akanikabidhi akiwa ameishika kwa vidole viwili. Mahali pekee pa kuichezea palikuwa kwenye Hailaksi kuukuu ya nyumbani, ile ya kubebea maji. Basi siku moja asubuhi tulitumwa Al-Sulimaniyah kuchukua mapazia, na tulipoegesha nje ya duka nikamwambia Duncan aitie. Ikaanza. Duncan alizima gari, akatoka, akafungua boneti, akainama kutafuta ni kitu gani kimekatika. Mwenye duka, Mpakistani, akatoka na chupa ya maji kutusaidia.

Nilikutambua. Katikati ya ile fujo nilisikia unavyovuta pumzi kabla ya kuanza, vile vile ulivyokuwa ukivuta ulipokuwa mdogo, kabla hujaangua kilio. Machozi yalinitoka hapo hapo, mbele ya Mpakistani na chupa yake. Nikamwomba Duncan airudishe mwanzo, na tukaisikiliza yote mara ya pili tukiwa tumefunga vioo.

Lakini sikuacha kukagua. Karatasi ya ndani ya kaseti haikuwa na jina la kampuni, haikuwa na muhuri wala namba ya simu. Majina manne tu, tena ya kwanza, na picha ya ule ukuta. Ulinieleza kwamba mnabadilishana kaseti na bendi za nchi nyingine, kaseti kwa kaseti, na kwamba mkienda kuimba mji wa mbali mnalala sakafuni kwa watu msiowajua. Mnapewa sufuria ya maharage na mafuta ya gari, na asubuhi mnaagana. Ukasema huo ndio utaratibu wa muziki huo kila mahali, na kwamba wao wakija Novi Sad mnawalaza nyinyi.

Nilikataa kuamini. Nimeishi huku miaka saba na nimeona watu wa kila namna, wema na wabaya, lakini sijaona mtu anayekupa godoro na chakula bila kutaka kitu. Hata madam, ambaye si mbaya, akinipa gauni lake la zamani najua kesho kuna zulia la kufua. Nilingoja nione hao wenzako wanataka nini.

Ndipo ikaja ile Ijumaa ya mwezi wa kumi. Tulikuwa tumefika tu Jeddah, nikapewa ruhusa ya mchana, nikaenda Bani Malik kumwona Eddah, binti wa jirani yetu Kaimosi, anayekaa pale na mume wake Zacharia. Zacharia ni askari wa lango katika jengo fulani, na anakufuatilia mtandaoni kuliko mimi. Tulikuwa tunakula, akaninyooshea simu akisema, "Auntie, ona vile kijana wenu anatembea." Ilikuwa video fupi, imewekwa na bendi yenyewe. Gari lenu liko mpakani mwa Bosnia. Ognjen yuko kwenye usukani, anacheka, ameinua mkono wake, na mkononi ana pasipoti nne. Ya chini kabisa ilikuwa ya rangi yetu.

Chakula kilinishinda. Mwanangu, sisi huku hatuhitaji kuelezwa. Tukitaka kujua mtu anaishi vipi hatuulizi kama anakula au analala. Tunauliza nani ameshika pasipoti yako. Anayeishika ndiye anayejua utaondoka lini na kama utaondoka. Mimi nilimwona huyo kafili, yaani mwajiri anayekushika, ana kipara na X mkononi, na anacheka.

Nikakupigia. Hupatikani. Jumamosi hupatikani. Jumapili nikapiga mara ishirini na mbili, mwanamke wa simu ananijibu kwa lugha nisiyoijua. Vuk sina namba yake. Mama yako sikutaka kumwambia, maana shinikizo lake la damu linapanda hata akisikia ng'ombe amekohoa.

Basi nikafanya kile tunachofanya sisi wanawake wa huku mmoja wetu akipotea. Tunajirekodi, tunataja jina na mahali na nani ameshika nini, tunatuma kwenye vikundi vyetu, na kila mmoja anasambaza hadi kelele zifike mahali penye mlango. Msichana mmoja wa Bungoma alitolewa hivyo katika nyumba alimofungiwa, kwa siku mbili tu. Jumapili hiyo hiyo nilirudi kwa Eddah, nikasimama sebuleni nikasema: "Wakenya wenzangu, huyu ni mtoto wa kaka yangu, anaitwa Morgan, yuko Serbia. Pasipoti yake imeshikwa na mwanaume mwenye kipara, na simu haipatikani siku ya tatu. Tafadhali sambazeni kabla hajauzwa."

Zacharia aliniambia, "Auntie, ngoja kwanza kidogo." Eddah akamwambia anyamaze.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Imesambazwa mara elfu kumi na moja. Kanisa letu likafunga na kuomba. Ognjen akatukanwa kwa Kiswahili, kwa Kiluhya na kwa Kikisii, na watu wasiojua Serbia iko upande gani. Mwenye ukumbi wa Sarajevo akawaambia msikanyage kwake mpaka ukweli ujulikane, na miji mingine miwili ikafuata, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikakuita uthibitishe kwamba hukutekwa. Ziara yenu ya kwanza nje ya nchi, mliyoipanga tangu mwaka jana, mimi niliimaliza kwa dakika moja na nusu. Naomba unisamehe. Nimeliandika neno hilo na sitalifuta.

Uliponipigia Jumanne hukunisalimia. Ulisema chaja ilisahaulika kwa watu mliolala kwao, basi. Ukasema mpakani askari huchukua pasipoti zote kwa dereva, kupitia dirishani, na baada ya dakika kumi kila mtu anarudishiwa yake. Ukasema hata Vuk, ambaye ni mtoto wa pale pale, yake ilikuwa kwenye lile fungu. Nami nikawa nakujibu kila neno, unanijua, nikakuuliza una hakika gani, na nani aliihesabu, na mbona alikuwa anacheka. Ndipo ukaniuliza bila hasira, "Na yako, shangazi, iko wapi?"

Nilikwambia mtandao ni mbaya. Mtandao haukuwa mbaya, Morgan. Nilikata.

Siku mbili nilizunguka na swali hilo. Naosha vyombo liko, namlisha bibi liko. Tangu nirudi kutoka likizo mwaka 2021 nilikuwa najua iko Riyadh, chumbani kwa madam, katika droo ya chini yenye kufuli. Niliijua hiyo droo kama ninavyojua jina langu, naipangusa vumbi kila Jumamosi. Lakini ndani yake sikuwahi kuona. Siku ya tatu nilipiga moyo konde, nikamfuata madam akiwa anakunywa kahawa, nikamwambia nataka kuiona pasipoti yangu.

"Leish, kwa nini, Rael?" akashangaa. "Unataka kwenda? Mimi nimekukosea?"

Nikamwambia nataka kuiona tu. Akasema mafi mushkila, hakuna shida, akampigia Duncan kule Riyadh, akamwelekeza ufunguo ulipo, na Duncan akafungua droo huku ametuwashia video ili sote tuone. Nikasimama nyuma ya kiti cha madam. Duncan alitoa kitu kimoja kimoja akikitaja: kadi za chanjo za watoto, karatasi za friji, simu mbovu, funguo za nyumba waliyohama zamani. Akafika kwenye mbao ya chini ya droo.

"Mafi, Sister," akasema. Hata yeye sauti ilimpungua. "Hakuna kitu hapa."

Madam alimpigia bosi. Bosi akafikiri labda ilibaki katika ile ofisi iliyokuwa inamshughulikia ikama zangu, vibali vya kuishi huku. Ile ofisi ilifungwa mwaka jana, na mwenyewe amerudi kwao Misri. Tukatafuta na humu Jeddah, kabati zote, hadi mikoba ya bibi mgonjwa. Hakuna. Hawakuificha, Morgan. Niliwatazama macho yao vizuri, na mimi macho ya mtu nayajua. Hawakuwa wanaifikiria, ndivyo ilivyopotea. Hakuna mtu katika nyumba hii anayejua pasipoti yangu iko wapi wala imepotea tangu lini.

Nililia bafuni, bomba limefunguliwa. Mimi ninayemshuku muuza nyanya, ninayemshuku mchungaji akirefusha maombi, niliyemshuku Ognjen kwa sababu ya kipara chake, miaka minne nimekuwa nikipangusa vumbi droo tupu. Ile video nilimrekodia mtu asiye na shida. Asiyekuwa na pasipoti alikuwa yule aliyeishika simu.

Jumatatu nakwenda polisi na madam kuandikisha kwamba imepotea, kisha Riyadh, ubalozini kwetu, kuomba nyingine. Madam alitaka tungoje mpaka mama yake apate nafuu. Nikamwambia hapana. Neno hilo sikuwahi kumwambia tangu nije, naye aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Tayyib, sawa. Jumatatu." Pasipoti mpya ikitoka itakaa kwangu, na hilo nalo nimemwambia.

Sasa nije kwenye ziara. Ognjen ameniandikia ujumbe kwa Kiingereza. Anaomba radhi kwa kunitia hofu, anasema miji yote mitatu imewakubali tena kwa mwezi wa pili, na kwamba mkienda hadi Ugiriki kila mtu atavaa pasipoti yake shingoni katika mfuko mdogo, mpakani mtaitoa wenyewe. Mtu anayetukanwa na watu elfu kumi na moja kisha yeye ndiye anayeomba radhi, bado ni wa kuchunguzwa. Sijamaliza naye. Na hizo nyimbo za dakika moja siwezi kuzisifia, hata unibembeleze vipi.

Lakini nimefikiri hivi. Katika miaka saba nimeongea na ndugu, na mapasta, na marafiki wa huko nyumbani. Wote huniuliza kama nakula, kama nalipwa, nitarudi lini. Aliyeniuliza pasipoti yangu iko wapi ni wewe peke yako, tena ukiwa umenikasirikia. Mtu anayeweza kuuliza hivyo hajashikwa na yeyote. Asubuhi ya leo, kabla sijakaa kuandika, nilimpigia mama yako. Nimemwambia uende.

Msalimie Vuk, na mama yake zaidi, umuulize ile mikate anatia nyama gani. Ognjen nisalimie kwa mkono tu. Duncan, Eddah na Zacharia wanakusalimu, na Zacharia anadai alisema tangu mwanzo tungoje, kwa hiyo anataka kaseti. Bibi yako Kaimosi usikose kumpigia Jumapili, anadhani bado umetekwa.

Mungu wa baba zetu akutangulie katika kila mpaka utakaovuka, akurudishe na sauti yako ikiwa nzima na jina lako likiwa mfukoni mwako.

Wako akupendaye na asiyeacha kukuchunguza,
Shangazi yako,
Rael Kageha.